Mgodi wa makaa ukishafungwa: tupampu, tuache yajae, tutie chokaa au tupande matete?

Chota maji kwenye mlango wa mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa, yatie kwenye chupa ya lita moja, iache wazi juani. Mara nyingi yanatoka maangavu, ungedhani ni ya chemchemi. Ukirudi baada ya saa moja au mbili yameshakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kesho yake kitako cha chupa kina unga wa rangi ya machungwa, laini kama poda. Huo ni chuma. Kilikuwemo tangu mwanzo kimeyeyuka, kikisubiri hewa tu.

Kilitoka wapi? Ndani ya makaa na kwenye mawe yanayoyazunguka kuna pairiti, madini ya chuma na salfa yanayometameta kama dhahabu. Yalikaa huko chini mamilioni ya miaka bila kuguswa na hewa. Wachimbaji wakafungua mahandaki, hewa ikaingia, pairiti ikashika kutu, na bakteria wanaoishi kwa chuma wakaiharakisha kazi hiyo. Kuta zikajaa chumvi za chuma na tindikali. Mgodi ukiwa hai, pampu zinayatoa maji kabla hayajafika kwenye sehemu kubwa ya kuta hizo. Pampu zikizimwa maji yanapanda, yanaziosha chumvi zote za miaka thelathini au hamsini, kisha yanatafuta pa kutokea.

Ninaandika kwa ajili ya diwani, mhandisi wa maji wa wilaya, mjumbe wa jumuiya ya watumia maji, na yeyote atakayeitwa kikaoni kuelezwa mpango wa kufunga mgodi na kuulizwa, "Wananchi mnaonaje?" Tanzania tunao mgodi wa Kiwira, wa chini ya ardhi, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza uzalishaji mwaka 1988, kwenye milima ambayo mito yake inateremkia Ziwa Nyasa. Uzalishaji wake umewahi kusimama kwa miaka. Kwa hiyo habari za maji ya mgodi uliolala si za Wajerumani na Waingereza peke yao, ingawa hao ndio waliotangulia kuumia, na makosa yao tunaweza kuyasoma bure.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua. Kwa nchi kama yetu, pale jiolojia inaporuhusu, ni afadhali kuyaacha maji yapande hadi kimo tulichokichagua sisi, yatokee mahali tulipopachagua sisi, yapite kwenye mabwawa na matete. Chokaa ije kusaidia miaka ile ya mwanzo iliyo mibaya zaidi. Kupampu milele ni njia ya mwisho, ya kulinda kisima kisicho na mbadala. Na uamuzi wote huu uwe umekamilika pampu zikiwa bado zinanguruma.

Kisima na mto havidai kitu kimoja

Watu huchanganya mambo mawili hapa, na wakichanganya huchagua vibaya.

Walio kando ya mto wanaliona tatizo kwa macho. Mawe yamevaa rangi ya machungwa. Inua jiwe kwenye kijito kizima utakuta chini yake watoto wa kereng'ende, konokono wadogo na minyoo, yaani chakula cha samaki. Inua jiwe kwenye kijito kilichopokea maji ya mgodi: utando wa kutu unabanduka kama ngozi ya mguu uliolowa, na chini yake hakuna chochote kinachotembea. Maji yakiwa makali pia, alumini iliyoyeyuka inanata kwenye mashavu ya samaki na kuwaziba pumzi.

Wenye visima hawaoni rangi yoyote. Wao wanaona sabuni imeacha kutoa povu, mashuka meupe yanatoka kwenye beseni na madoa ya kutu, na mgeni akinywa anaharisha. Hiyo ni salfeti, yaani chumvi inayotokana na salfa ya pairiti, pamoja na chuma, vilivyopenya kwenye miamba inayobeba maji ya kunywa. Kuna na shida nyingine isiyohusu uchafu kabisa. Mgodi ukifanya kazi, pampu zinashusha maji ya ardhini na visima vya jirani vinakauka. Dari la mahandaki likibomoka, ardhi ya juu inapasuka na kutitia. Maji yakirudi kupanda hayafuati njia ya zamani, yanafuata nyufa mpya. Chemchemi ya bibi inaweza isirudi, na maji yakachomoza katikati ya shamba la mtu, chini ya barabara, au kwenye msingi wa shule.

Bwawa la matete, hata liwe zuri namna gani, linausafisha mto na kukiacha kisima kama kilivyo. Kinachokilinda kisima ni kimo cha maji ndani ya mgodi: yakibaki chini kuliko maji ya mwamba wa kisima, ya kisima ndiyo yatakayovujia mgodini, na ya mgodi hayatafika kisimani. Ndiyo maana swali la kwanza kikaoni liwe, "Maji mtayasimamisha kimo gani?" Habari za mabwawa na chokaa zifuate baadaye.

Kupampu daima, au kuyaacha yajae

Mfano mkubwa wa kupampu ni bonde la Ruhr, Ujerumani. Mgodi wa mwisho huko, Prosper-Haniel mjini Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018. Makaa yalikwisha, kazi ya maji haikwisha. Ardhi imetitia, mahali pengine kwa zaidi ya mita 20, na mitaa mizima sasa iko chini kuliko mito inayopita jirani. Pampu za juu zikisimama, sehemu hizo zinageuka ziwa. Pampu za chini zikisimama, maji ya mgodi yenye chumvi yanaweza kupanda hadi kwenye hifadhi ya maji ya kunywa. Wajerumani wenyewe wanaziita hizi kazi za milele, na mwaka 2007 waliunda wakfu, RAG-Stiftung, wa kuzilipia. Gharama yake ni zaidi ya euro milioni 200 kwa mwaka, na haina tarehe ya mwisho.

Nawaheshimu kwa hilo, maana walikubali kuandika neno "milele" kwenye mkataba na kutenga fedha zake. Lakini aliye na mita ya LUKU anajua pampu ni nini: ni mtu mwenye njaa kila siku. Usichague kupampu kama hakuna mfuko uliojazwa kabla, wenye mali inayozaa faida.

Hata hivyo, zipo hali ambazo hakuna njia nyingine. Kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika jimbo la Durham, migodi ya pwani ilipofungwa kati ya 1987 na 1993, maji yalianza kupanda kuelekea mwamba wa chokaa unaotoa maji ya bomba ya wakazi. Ikabidi pampu ziwashwe upya, Horden na kisha Dawdon, kuyashikilia chini. Hapo kisima ndicho kilichoamua, na kiliamua sawasawa.

Upande wa pili wa mizani kuna Pennsylvania, Marekani. Tarehe 22 Januari 1959 Mto Susquehanna ulitoboa dari la mgodi wa River Slope, karibu na Port Griffith, kwa sababu wachimbaji walikuwa wameongozwa kuchimba karibu mno na sakafu ya mto. Watu 12 walikufa. Mahandaki ya eneo zima yalikuwa yameunganika, maji yakaenea, na uchimbaji wa chini ya ardhi ukaporomoka. Pampu zikazimwa moja baada ya nyingine, maji yakapanda, yakaanza kuingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Mwaka 1962 ikachimbwa tundu ya kuyapunguza, mahali paitwapo Old Forge. Nyumba zikapona. Mto Lackawanna ukawa gharama: zaidi ya lita milioni 100 kwa siku zenye chuma zinamwagika humo, na chini ya tundu hiyo mto ni wa rangi ya machungwa hadi leo.

Mimi siwalaumu waliochimba ile tundu, kwani nyumba zilikuwa zinazama. Lakini tazama mpangilio wa mambo: kwanza pampu zikazimwa, kisha maji yakajitokeza, ndipo watu wakakaa kufikiri. Kama mahali pa kutokea pangechaguliwa mapema, pangechaguliwa penye ardhi tambarare ya kuwekea mabwawa.

Faida kubwa ya kuyaacha yajae ni ya kikemia. Pairiti iliyozama haipati hewa, kwa hiyo inaacha kutengeneza tindikali mpya. Kinachobaki ni zile chumvi zilizokwishatengenezwa, na hizo zinaoshwa zikaisha. Paul Younger, mhandisi wa Uingereza aliyetumia maisha yake kwenye maji ya migodi, aliacha kipimo chepesi kukikumbuka: uchafu mkali wa mwanzo hupungua kwa muda wa takriban mara nne ya muda ambao mgodi ulichukua kujaa. Mgodi uliojaa kwa miaka 10 utegemee miaka 40 hivi ya kushuka. Baada ya hapo unabaki uchafu mdogo, ule unaotokana na sehemu za juu ambako maji hupanda na kushuka kwa misimu na hewa bado inaingia. Uchafu huo mdogo unaweza kudumu karne.

Ujue basi kwamba mwaka wa kwanza wa maji kutoka mgodini ndio mwaka mbaya kuliko yote. Ukijenga mtambo mkubwa wa kudumu kwa kipimo hicho umetupa fedha. Ukipima mwaka wa kwanza wa kujaa, kabla maji hayajatoka, ukaona masafi na usijenge kitu, umeliacha jambo lenyewe mlangoni.

Kuhusu kuziba mlango wa mgodi kwa zege, natahadharisha. Ukuta unaojazwa maji nyuma yake unabeba uzito wote wa kimo hicho. Kila mita 10 za maji ni kama tani 10 kwenye kila mita moja ya mraba. Mita 40 nyuma ya mlango mdogo wa mita 2 kwa 2, huo ni mzigo wa tani 160 unaosukuma usiku na mchana, na mwamba wa pembeni tayari una nyufa. Ukuta usipopasuka wenyewe, maji yatazunguka. Afadhali mlango wenye bomba: hewa haiingii, maji yanatoka kwa kipimo, na kuna koki ambayo mtu anaweza kuifungua.

Chokaa au matete

Tuseme kimo kimekubaliwa na maji yanatokea tulipotaka. Sasa yasafishwe kwa nini? Hapa ndipo penye hesabu, na hesabu zenyewe unaweza kuzianza kwa ndoo.

Weka ndoo ya lita 10 kwenye mdomo wa bomba, shika simu yenye saa. Ikijaa kwa sekunde 4, hizo ni lita 2.5 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 216 kwa siku. Peleka sampuli maabara na uulize vitu vinne: chuma, alumini, jumla ya ukali wa tindikali, na uwezo wa maji wa kuizima tindikali hiyo. Namba ya pH, ile inayopima tindikali (7 ni katikati, chini yake ni tindikali), peke yake inadanganya. Maji yanaweza kusoma pH 6 mlangoni, na mita mia tano mbele yakasoma 4, kwa sababu chuma kinapogeuka kutu kinazalisha tindikali mpya njiani. Utakachouliza ni hiki: baada ya chuma chote kuanguka, maji yatabaki na upande upi? Ukiyafikiria kama ndimu na magadi kwenye bakuli moja, unataka kujua kipi kitakwisha kwanza.

Magadi yakizidi ndimu, maji hayo hayahitaji chokaa hata kijiko. Yanahitaji hewa, muda na nafasi. Yateremshe kwenye ngazi za mawe yarukeruke: mruko mmoja mzuri unaingiza hewa ya kutosha kushughulikia takriban miligramu 50 za chuma kwa lita. Yakae kwenye bwawa siku mbili, kutu itulie. Kisha yapite taratibu kwenye maji ya kina kifupi yenye matete, ambayo yanachuja kilichobaki. Kipimo cha kawaida ni kwamba mita moja ya mraba ya matete inaondoa gramu 10 hivi za chuma kwa siku. Kwa mfano wetu, wenye chuma miligramu 30 kwa lita, hizo ni kilo 6.5 kwa siku. Tunahitaji bwawa la mita za ujazo 430 na matete ya mita za mraba 650, zaidi kidogo ya kiwanja cha kawaida cha makazi. Hakuna umeme wala gunia la kununua. Kazi iliyopo ni kufyeka, kuzibua mifereji majani yanapoziba, na kuzoa matope: karibu tani 4.5 za kutu kavu kwa mwaka, ambazo zikiwa bado na maji zinachukua nafasi mara kadhaa zaidi.

Ndimu ikizidi, mambo yanabadilika. Tuchukue maji yaleyale, lita 2.5 kwa sekunde, yenye ukali wa miligramu 300 kwa lita. Njia ya chokaa inadai kilo 48 za chokaa iliyozimwa kila siku, karibu mifuko miwili ya kilo 25, tani 17.5 kwa mwaka kama hakuna inayopotea, na siku zote kuna inayopotea. Njia ya mawe inadai mfereji uliofukiwa, uliojaa kokoto za mawe ya chokaa, maji yapite humo bila kuguswa na hewa kwa saa 15 hivi. Kwa miaka 20 utahitaji takriban tani 900 za mawe: nusu yake ni ya kujaza mfereji, nusu nyingine ndiyo itakayoyeyuka kadiri miaka inavyokwenda. Hizo ni safari 60 za tipa la tani 15. Ukishazifukia, umemaliza kununua kwa kizazi kizima.

Nyanda za juu kusini mawe ya chokaa yapo. Songwe kuna kiwanda cha saruji kwa sababu hiyohiyo. Lakini mfereji wa mawe una masharti, na asiyeyafuata atalia. Maji yakiwa na alumini, au yakiwa yameshaonja hewa, kutu inayavika mawe koti gumu na ute mweupe wa alumini unaziba matundu. Mfereji unakufa ndani ya miezi. Hapo unahitaji bwawa la tabaka: maji juu, samadi na mboji katikati, mawe ya chokaa chini. Samadi inakula hewa yote iliyomo kwenye maji na kukirudisha chuma katika hali isiyoganda, ndipo maji yafike kwenye mawe. Kwa mfano wetu ni mita za mraba 2,000 hivi. Ni njia ninayoipenda kwa sababu vitu vyake vyote vipo kijijini na anayevijua ni mfugaji. Ubaya wake ni harufu, maana gesi yenye harufu ya yai viza inatoka, na baada ya miaka kadhaa samadi inachoka na kubidi ibadilishwe.

Je, kiwanda cha kusafishia maji kwa chokaa kina ubora gani basi? Kina nguvu, na kina usikivu. Maji yakibadilika leo, unaongeza chokaa leo. Kinaondoa alumini vizuri, na ukipandisha pH zaidi ya 9 kinaondoa hata manganizi, metali nyingine iliyoyeyuka majini, ambayo matete huishindwa. Kinahitaji nafasi ndogo. Nafasi ndiyo kikwazo cha matete milimani: mgodi ukitoa lita 100 kwa sekunde, zile mita za mraba 650 zinakuwa hekta 2.6 tambarare, na kwenye mteremko mkali hekta hizo ama hazipo ama ni mashamba ya watu. Tukuyu na vilima vyake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo ndoo yako ya kiangazi haikuambii ukweli wote. Bwawa lililopimwa mwezi wa Septemba litafurika mwezi wa Aprili na kuimwaga kutu yote ya mwaka mtoni kwa usiku mmoja. Pima masika, jenga kwa masika.

Katikati ya hizo mbili ipo njia ambayo mikutano mingi haiisikii. Kuna mashine za kumwaga chokaa zinazosukumwa na gurudumu la maji yenyewe ya mgodi, bila umeme: maji yakiongezeka gurudumu linazunguka haraka na chokaa inaongezeka yenyewe. Zimetumika sana kwenye vijito vya milima ya Appalachia, Marekani. Kwa miaka kumi au ishirini ya mwanzo, maji yakiwa bado makali, gurudumu hilo likiwekwa juu ya bwawa la kawaida linatosha. Ukali ukishuka, gurudumu linaondolewa na bwawa na matete vinabaki na kazi yao. Horden kule Durham walikwenda njia ya namna hiyo kwa vipimo vikubwa: walianza na mtambo wa kemikali mwaka 2004, baadaye maji yalipotulia wakaubadilisha kwa mabwawa na matete. Dawdon, maji yake yalivyo, wameendelea na chokaa. Ni majirani walio pwani moja, na kila mmoja amefuata maji yake yalivyosema.

Jambo moja lisiachwe nje, kwa sababu wauzaji wa pande zote mbili hulipita harakaharaka. Chokaa na matete vyote vinaondoa chuma na tindikali. Salfeti na chumvi nyingine zinabaki kwa wingi. Maji yakitoka maangavu kwenye matete, samaki watashukuru na shamba linaweza kunyweshwa baada ya kupimwa, lakini usimpe mtoto. Niliwahi kuona kina mama wakichota ndoo kwenye mdomo wa bwawa la namna hiyo kwa sababu tu yalikuwa yanang'aa kuliko ya mtoni, na hapakuwa na hata kibao kimoja cha kuwaambia.

Anayetaka maji ya kunywa kutoka mgodini aangalie eMalahleni, Afrika Kusini. Tangu 2007 kuna mtambo unaochukua maji ya migodi ya makaa, kuyatia chokaa, kisha kuyasukuma kwenye chujio laini kabisa kwa shinikizo kubwa, na manispaa inayanywa. Jasi inayobaki wameijaribu hata kwenye ujenzi wa nyumba. Inawezekana pale kwa sababu migodi hai iko jirani na inalipa, mji una kiu, na umeme wa viwandani upo. Mgodi mmoja uliokufa, porini, hauwezi kuubeba mtambo huo.

Nani atakuwepo mwaka wa thelathini

Jirani na mtambo huo huo wa eMalahleni kuna hadithi ya pili. Serikali ya Afrika Kusini ilijenga kiwanda cha chokaa cha Brugspruit mwaka 1997 ili kuzima tindikali inayotoka kwenye migodi ya zamani iliyotelekezwa. Kemia yake ilikuwa sahihi. Kilichokiangusha ni wizi na uharibifu wa vifaa, na matengenezo yasiyofuatiliwa, na tindikali ikaendelea kwenda mtoni ikipita mlangoni pa kiwanda. Na mwaka 2012 mji mdogo wa Carolina, katika jimbo hilohilo la Mpumalanga, uliamka na maji makali kwenye bwawa lake la maji ya bomba, yaliyotoka kwenye machimbo ya makaa ya jirani. Watu walikaa miezi bila maji ya kunywa ya bomba, hadi mwezi wa Julai mahakama ikaamuru wapelekewe maji ndani ya saa 72.

Kwa hiyo ukiwekewa mbele karatasi mbili, moja ya kiwanda na moja ya mabwawa, usianze na bei ya ujenzi. Uliza kila moja ikitelekezwa miezi sita itakuwaje. Kiwanda kikikosa chokaa Ijumaa, Jumamosi mto una tindikali. Mabwawa yakikosa mfyekaji miezi sita yanapungua nguvu, mfereji mmoja unaziba, lakini kazi kubwa inaendelea. Uvumilivu huo nauthamini kuliko ufanisi wowote wa kwenye karatasi, kwa sababu najua bajeti za halmashauri zinavyochelewa. Ila bwawa nalo lina siku yake: mwaka wa kumi na tano au wa ishirini litajaa kutu, na siku hiyo litahitaji tingatinga na mahali pa kumwaga. Ohio na Pennsylvania wapo wanaoikausha kutu hiyo na kuiuza iwe rangi ya kuchorea na kupakia. Ni jambo la kutia moyo, lakini usiliweke kwenye bajeti kama mapato mpaka umempata mnunuzi mwenye jina.

Fedha za siku hiyo ziwekwe wakati mgodi bado unauza makaa, kama dhamana ambayo mmiliki hawezi kuigusa, na kiasi chake kikokotolewe kwa miaka ya maji. Kiasi cha kupanda miti na kubomoa majengo ni fungu lingine. Ukisikia mpango wa kufunga wenye kurasa ishirini za miti na aya moja ya maji, urudishe.

Vya kudai pampu zikiwa bado zinafanya kazi

Cha kwanza ni ramani za mahandaki, zote, hadi siku ya mwisho ya uchimbaji, zikabidhiwe serikalini na nakala ibaki wilayani. Julai 2002 wachimbaji tisa wa Quecreek, Pennsylvania, walitoboa ukuta wa mgodi wa zamani uliojaa maji, kwa sababu ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha mahandaki ya mwisho ya mgodi huo. Waliokolewa wote baada ya saa 77. Kule Chasnala, India, tarehe 27 Desemba 1975, maji ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 370. Bila ramani hata wewe wa mtoni hutajua maji yatatokea upande gani wa mlima.

Cha pili ni visima vya kupimia kimo, vitobolewe hadi kwenye mahandaki ili mtu ashushe kamba kila mwezi na kujua maji yamepanda kiasi gani. Ndivyo utakavyojua, miaka kabla, lini yatafika mlangoni.

Cha tatu hakihitaji mwekezaji wala mtaalamu. Orodhesha kila chemchemi, kisima na kijito kwenye vitongoji vinavyozunguka mgodi. Kwa kila kimoja andika tarehe, ndoo ya lita 10 imejaa kwa sekunde ngapi, au maji ya kisima yako futi ngapi chini, karatasi ya pH imesoma ngapi, na maji yamekaa maangavu kwenye chupa kwa muda gani. Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka, Septemba na Aprili. Daftari liwe na nakala mbili, moja ofisi ya kijiji, nyingine ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde lenu, ambayo kwa wa Kiwira ni ile ya Ziwa Nyasa, Tukuyu. Bodi wagonge muhuri na kuandika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza.